Kiapo cha Msajili wa Ndoa

Shemeji yangu alikuwa msajili wa ndoa, na sijui mtu mwingine aliyeipenda kazi ya serikali namna ile. Wengine wanaanza kutazama saa ya kutoka tangu wanapoingia. Yeye alifika mapema, akaifuta mwenyewe ile meza ndefu ya ukumbini, akavipanga viti viwili vya mbele mpaka vikae sawasawa, akajaribu kalamu kwenye kipande cha karatasi asije akaaibika mbele ya maharusi. Mhudumu wa usafi alikuwa akimlalamikia kwamba anamnyang'anya kazi.

Mtaani walimwita Pingamizi. Jina lilitokana na lile swali la kabla ya sahihi, kama kuna mwenye pingamizi aseme sasa. Wasajili wengine huliuliza mbiombio ili wapite. Yeye aliliuliza, kisha akanyamaza, akawatazama waliohudhuria mmoja mmoja, mpaka wajomba wakaanza kukohoa na bwana harusi kutokwa jasho. Nilipomuuliza kwa nini anawatesa watu, alinijibu, "Shemeji, kama kuna jambo, litoke hapa. Likitokea kwao nyumbani, mimi sipo." Nililicheka jibu hilo kwa muda mrefu.

Mimi ni mdogo wa mkewe. Nilikuja kukaa kwao ndoa yangu ilipovunjika, kwa wiki chache tu, nikazeekea pale. Watoto wao walikuwa wamekwisha kwenda kujitegemea, kwa hiyo nyumba ilikuwa na sisi watatu. Dada yangu ni mshonaji na maneno yake ni ya kuhesabu. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema maneno ya nyumba nzima. Na Pingamizi alikuwa akirudi kazini kila jioni na habari za harusi za watu, nani kalia, nani kachelewa, mama mkwe gani kanuna.

Sasa niseme kile ambacho ofisi yake haikukijua. Pingamizi alikuwa akinywa. Si mlevi wa kuimba barabarani, hapana. Katika miaka yote niliyokaa pale sikumwona akiyumba wala sikumsikia akimtukana mtu. Alikuwa akinywa kama watu wanavyomeza dawa ya presha. Asubuhi, kabla ya kuvaa tai, glasi ndogo ya pombe kali isiyo na rangi, anaimeza akiwa amesimama. Mchana nyingine, kutoka kwenye chupa ya maji iliyokaa kwenye droo yake ya chini ofisini. Jioni ndipo alipokaa nayo kitini. Peremende hazikukauka mfukoni mwake, na manukato alijipaka kama yeye ndiye anayeolewa. Akishapata ile ya asubuhi, mkono wake ulitulia kama maji ya mtungini. Kuna watu wameweka vyeti vyao vya ndoa kwenye fremu sebuleni kwa ajili ya ile sahihi yake tu.

Dada alijua, nami nilijua, tukafunga midomo. Mume hapigi, hatukani, haleti aibu nyumbani, utamshitakia nini? Ukilalamika watu wanakuuliza wewe unataka nini tena duniani.

Kilichovunja ukimya ni bafu. Jioni moja tulisikia kishindo, tukakimbia, tukamkuta sakafuni paji la uso limepasuka, anatutazama kama watu asiowajua. Dada alimfuta damu, akamlaza. Asubuhi yake mume alipokwenda kabatini kuchukua glasi yake alimkuta mkewe amesimama mbele ya kabati.

"Mwenzangu," dada akasema, "chagua. Hiyo, au mimi."

Kwa dada yangu hiyo ilikuwa hotuba.

Na hapa ndipo kazi yake ilipomponza. Mtu mwingine angesema, nipe muda, nitapunguza kidogo kidogo. Seremala angesema hivyo, dereva angesema hivyo. Lakini huyu alikuwa ametumia maisha yake kuona watu wanaingia ukumbini wakiwa hivi na kutoka wakiwa vile, kwa maneno machache na sahihi. Aliamini viapo. Kwake yeye mtu akisimama mbele ya mashahidi akasema ndiyo, jambo limekwisha, hakuna nusu ya ndiyo. Basi akavaa koti lake la kazi juu ya fulana ya ndani, akatusimamisha jikoni, mimi upande wa shahidi, akainua mkono wa kulia akaapa kwamba kuanzia saa ile hatagusa tena pombe maishani mwake. Kisha akauliza kama kuna mwenye pingamizi, akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja, mimi, na dada, na masufuria. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alimwaga chupa zote kwenye sinki, ya kabatini, ya nyuma ya redio, na moja ya chini ya kapu la nguo chafu ambayo hata dada alikuwa hana habari nayo.

Siku ya kwanza alibaki nyumbani kwa ajili ya lile jeraha, akawa mkali kidogo tu. Iliyofuata hakula, mikono ikaanza kumcheza, na shuka alilolalia lilikuwa la kukamua. Dada akasema ni sumu inatoka. Mimi nikamwunga mkono, nikamwambia shemeji ajikaze kisabuni, wanaume wenzake wameacha na wanadunda. Basi akajikaza. Akavaa tai, akashindwa kuifunga, dada akamfungia, akaenda kazini kufungisha ndoa.

Ilikuwa harusi ya binti wa mkandarasi wa barabara, mtu mwenye sauti kubwa na marafiki wakubwa. Sikuwepo, lakini video niliiona, na sidhani kama kuna mtu pale mjini ambaye hakuiona. Shemeji amesimama nyuma ya meza, shati limemganda mwilini. Amekishika kitabu kwa mikono miwili na bado kurasa zinapigapiga. Anamwuliza bwana harusi kama anamkubali mwanamke huyu, na badala ya jina la bibi harusi anataja la mama mkwe. Watu wanacheka. Anarudia, ulimi mzito, anakosea tena, safari hii hakuna anayecheka. Anainama kuwaonyesha mahali pa kutia sahihi, kalamu inamponyoka, inachora mstari mweusi kwenye gauni jeupe kuanzia kifuani mpaka kiunoni. Halafu shemeji yangu anaketi. Haketi kitini, anaketi sakafuni, na anasema samahani, samahani, samahani. Mwisho wa video unasikia sauti ya mkandarasi: "Huyu mzee amelewa chakari. Kwenye ndoa ya binti yangu."

Nilitamani kuingia ndani ya ile simu nimzibe mdomo. Maana katika miaka yote ya utumishi wake, hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza aliyoingia ofisini bila tone la pombe kinywani.

Walimsimamisha kazi kupisha uchunguzi. Kamati ikaundwa, wajumbe wakateuliwa, watu wa ofisini wakaanza kuitwa mmoja mmoja kuhojiwa kuhusu mwenendo wake na ulevi mahali pa kazi. Yeye hayo yote hakuyasikia vizuri. Alikuwa kitandani anawaona sisimizi kwenye dari ambayo haikuwa na hata mmoja. Baadaye akaanza kufungisha ndoa. Alilala pale anamwuliza kabati kama anamkubali pazia, na pazia lilipochelewa kujibu alilisubiri kwa heshima. Ningekuwa nakuhadithia jambo la mtu mwingine ungecheka, na mimi ningecheka nawe.

Dada ndiye aliyemwita jirani yetu muuguzi. Yule mama alimshika shemeji mkono, akamtazama macho, akamwuliza dada maswali mawili matatu, kisha akatutoa nje mpaka uani.

"Nani aliyemwambia aache kwa mpigo?" akauliza.

"Aliapa," dada akasema.

"Aliapa." Muuguzi akatikisa kichwa. "Shoga yangu, mwili wake haujui kiapo. Mtu aliyekunywa miaka yote hiyo haachi hivi. Anaweza kushikwa na degedege akafa mikononi mwenu. Mleteni hospitali leo. Kuna dawa za kumtuliza, analazwa, anashushwa taratibu, anatoka mzima. Nimewaona wengi."

Kumbe jambo lenyewe lilikuwa na dawa. Nikaingia ndani mbio kumwambia, nikamkuta akili imemrudia kidogo, ameketi ukingoni mwa kitanda anajaribu kufunga vifungo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "wodi yenyewe iko mkabala na ofisi yetu. Nikilazwa leo, kesho kamati inajua. Watasema, si tulisema? Mlevi huyo, analazwa kwa ulevi. Na hapo kazi hakuna tena."

"Kazi na roho, bora nini?"

"Mimi bila ile meza nitakuwa nani?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Alimwuliza muuguzi ikiwa kuna njia ya kumvusha mpaka siku ya kamati, kisha alazwe mara tu kamati ikimalizika, liwalo na liwe. Muuguzi hakupenda. Alituambia wazi kwamba anatuambia asichopaswa kutuambia. "Mkimnyima hospitali na mkamnyima pombe, mtamzika. Mpeni kidogo, asubuhi na jioni, msimwache mikono mitupu. Na kamati ikitoka tu mumlete. Mniahidi."

Tukamwahidi.

Dada yangu hajawahi kununua pombe maishani mwake. Alijifunga mtandio mpaka machoni, akaenda duka la mtaa wa mbali, akarudi na chupa kaifunika kwa vipande vya vitambaa vya kushonea. Aliimimina mwenyewe katika ile glasi ndogo, akamshikia kinywani maana mikono yake isingeweza. Haikupita muda mrefu, mtetemo ukapungua, kisha ukaisha. Shemeji akatutazama akatutambua. Akamwambia dada, "Nisamehe, nimevunja kiapo," na dada akamwambia anyamaze anywe. Kisha akaenda jikoni akalia, na mimi nilimwacha alie.

Siku ya kamati walimruhusu aje na ndugu mmoja. Dada alisema miguu yake haitamfikisha, kwa hiyo nikaenda mimi. Asubuhi ile alimpimia glasi yake, akamfunga tai, akampa peremende. Shemeji alitoka nyumbani kama zamani, amenyooka, viatu vinang'aa. Mfukoni mwa koti lake kulikuwa na barua ya kuomba ruhusa ya ugonjwa, aliyoandika kwa mkono wake, ya kwenda hospitali. Dada alibaki anamfungashia nguo za kulazwa.

Chumba cha mkutano kilikuwa na meza yenye umbo la yai na feni iliyozunguka bila kutoa upepo. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja kutoka makao makuu, mnene, mwenye uso mzuri. Nilikuwa nimekwenda kumchukia na nikashindwa. Aliongea kwa upole, akamwita shemeji mzee wangu, akaagiza aletewe maji. Kushoto kwake alikuwa mjumbe mmoja kijana anayechezea simu.

Kwanza walimwita karani wake. Karani alisimama, mtu mwoga, anavuta mikono ya shati.

"Umewahi kumwona amelewa kazini?"

"Hapana, mama. Sijawahi. Kila siku huwa mzima kabisa. Isipokuwa ile siku."

Aliposema hivyo alimtazama bosi wake kwa macho ya kuomba radhi, na ninaamini alisema ukweli wote anaoujua. Mwenyekiti akamshukuru. Kisha akamgeukia shemeji.

"Mzee wangu, nakuuliza swali moja tu. Siku ile ulikuwa umekunywa?"

"Hapana, mama. Siku ile sikunywa."

Yule mjumbe kijana alicheka puani. Mwenyekiti hakucheka, alionekana kusikitika. Akaiweka simu yake mezani, video ikacheza mpaka mwisho, na sote tukamsikia tena akisema samahani, samahani.

"Sasa mzee wangu," akasema taratibu, "kama hukunywa, ulikuwa na nini?"

Nilijua jibu, naye alilijua. Nilikuwa vile, mama, kwa sababu sikunywa. Siku nyingine zote, mama, zile ambazo karani ameniona mzima, ndizo nilizokunywa. Angelisema hilo, kungekuwa na mkandarasi gani, mwanasheria gani, mume gani aliyemchoka mkewe, asiyekuja kesho yake kusema ndoa yake ilifungishwa na mlevi? Wale watu wote na fremu zao sebuleni. Shemeji aliwatazama wajumbe mmoja mmoja, kwa muda ule wake mrefu, mpaka yule kijana akaiacha simu.

"Kosa si kuanguka," mwenyekiti akaongeza. "Ukikiri, tutakusaidia. Ukikataa kitu ambacho nchi nzima imekiona, mikono yangu imefungwa. Itabidi nikufukuze."

"Nilikunywa," shemeji akasema.

Ndivyo alivyokiri kosa la siku pekee ambayo hakuwa nalo. Mwenyekiti akapumua, na nikaona machoni mwake furaha ya kweli, ya mtu aliyeokoa mtu. Walitutoa nje, wakakaa kidogo, wakatuita tena. Onyo la mwisho, na mwaka mmoja wa uangalizi. Angerudi kazini wiki inayofuata.

Kisha yule mama akainuka, akazunguka meza, akamshika shemeji mkono wa kulia, akauinua mbele ya wenzake.

"Tazameni mkono huu," akasema. "Umetulia. Tazameni macho yake. Huyu ndiye mtu asiye na pombe. Mzee wangu, hivi ulivyo leo, ndivyo ninavyotaka nikukute kila nitakapokuja, na nitakuja bila taarifa. Nikikukuta vinginevyo, hata siku moja, basi."

"Nimesikia, mama."

"Na kusiwe na visingizio vya kuumwa. Watu wa tatizo lako wanajificha kwenye ruhusa za ugonjwa, nimewaona wengi. Una jambo la kusema?"

Nikamgusa mgongoni. Niliuona mkono wake unakwenda kwenye mfuko wa koti, unakaa humo, halafu unatoka mtupu.

"Sina, mama," akasema. "Nashukuru."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Dada alikuwa sebuleni, begi limefungwa liko miguuni pake, amevaa tayari kwa safari ya hospitali. Mimi ndiye niliyemwambia, maana shemeji alipitiliza chumbani. Nikamwambia kazi imebaki. Nikamwambia wanataka abaki kama alivyokuwa leo asubuhi, kila siku, mwaka mzima, na akilazwa wanamfukuza. Dada alinisikiliza. Sikumwona akilia. Alilitazama begi, akaniuliza, "Kama alivyokuwa leo?"

"Kama leo."

Kuanzia kesho yake aliamka kabla ya mumewe kila asubuhi akampimia. Muuguzi alikuja mara mbili kugombana nasi, mara ya tatu akaacha kuja, na tulipokutana naye njiani alivuka barabara. Nilimpigia dada kelele, nikampigia shemeji kelele, nikatishia kwenda ofisini kusema yote. Sikwenda. Ningemwambia nani, na angepona kwa lipi?

Ofisini mambo yalimwendea vizuri. Mwenyekiti alikuja bila taarifa kama alivyosema, akamkuta anafuta meza yake, mkono umetulia. Akafurahi sana hata akaanza kumletea watumishi wengine waliokuwa wakilewa, wakae naye awape nasaha. Wahasibu, walimu, hata askari mmoja wa magereza. Walikaa katika vile viti viwili vya mbele, wakamsikiliza mtu aliyeacha pombe kwa nguvu zake mwenyewe. Sijui aliwaambia nini. Alirudi jioni za siku hizo akiwa amechoka mno, akakaa kitini, hakusimulia tena habari za harusi. Tumbo lilianza kumjaa, macho yakageuka manjano, akanunua miwani ya rangi. Dada alimtanulia suruali mara kadhaa.

Mwaka wa uangalizi haukwisha. Alianguka ukumbini asubuhi moja kabla maharusi hawajafika, ametapika damu juu ya meza yake. Hospitali walisema ni ini, na kwamba kama angeletwa mapema huenda angepona.

Msibani ofisi nzima ilikuja. Yule mama mwenyekiti alisafiri kutoka mbali, akaketi mkekani na dada yangu, akamshika mikono yote miwili. Alikuwa amelia kweli, uso umevimba. Akamwambia mbele yetu sote kwamba asiwe na majuto, kwamba yeye mwenyewe aliona kwa macho yake jinsi mke mwema anavyoweza kumrudisha mtu kwenye njia.

"Cha kushukuru ni kimoja, dada yangu," akasema. "Angalau amekufa akiwa ameiacha pombe. Na najua ni wewe."

"Ndiyo, mama," dada akasema. "Ni mimi."

Mimi nikainuka nikatoka nje, maana ningebaki pale ningesema.